Ugonjwa Wangu Ulibandikwa Kivukoni

Ndugu zangu wa chama hiki, mmenitaka nieleze nilivyoanguka. Nitaeleza kwa utaratibu, bila kutaja jina la mtu.

Baada ya uhuru, kampuni niliyoitumikia kama karani ilituachisha kazi na kututoa katika nyumba zake wakati wa mvua. Niliandika malalamiko, na gazeti la mji likayachapisha. Siku ya tatu jibu la kampuni likabandikwa kivukoni Lubunga, mahali ambapo mimi ndiye niliyezoea kuwasomea abiria matangazo.

"Kalani, utusomee," akasema mama mmoja muuza samaki. "Sisi hatuna macho ya karatasi."

Nikasoma kwa sauti: mlalamikaji asiaminiwe, kwa kuwa zahanati ya kampuni ilimtibu kaswende. Kisha nikaliona jina langu, nikalifunika kwa kidole.

"Alors, ni nani huyo mugonjwa?"

"Ni mimi, mama."

"Bon. Basi samaki yangu usiiguse leo."

Nilikuwa nimepona kabla ya kuoa, na faili langu la zahanati lilisema hivyo, tangazo halikusema. Mke wangu akarudi kwa kaka yake Ubundu. Nawaambia kweli: tangu hapo niliomba kisasi kuliko chakula.

Waasi walipouteka mji na kuanza kuwasaka wakubwa wa makampuni, mkuu wa wafanyakazi wa kampuni ile, mwandishi wa tangazo lile, alivuka mto kwa mtumbwi, akabisha kwangu. Mimi wakati huo nilikuwa mkulima wa mihogo.

"Kwako hawatanitafuta, papa. Kila mutu anajua unanichukia."

"Wanajua vizuri," nikamjibu. "Ingia."

Nilimficha ghalani wiki tatu. Kila mchana, kabla ya kumpa pondu, mboga ya majani ya mihogo, nilimpa lile tangazo, kwa maana nilikuwa nimelibandua na kulihifadhi.

"Soma. Sauti iko chini, papa. Watu wa nyuma hawasikii."

Alisoma akilia. Nilifurahi, sitawadanganya. Kwa hofu ya kifo akanieleza pia mambo ya nyumba yake, ambayo hata mkewe hakuyajua.

Siku moja waasi wakaniuliza habari zake. Neno moja lingetosha. Nikasema sijamwona. Nilimtaka hai, kwa sababu maiti haiendi Ubundu. Mji ulipotulia, nilimpandisha treni ya Ubundu, akamweleza shemeji yangu, kwa kinywa chake, kile ambacho tangazo lilikificha: kwamba nilipona kabla ya kuoa. Mke wangu akarudi.

Namshukuru mke wangu, namshukuru shemeji aliyekubali kusikiliza, nawashukuru ninyi mlionipokea. Funzo langu ni hili: siri uliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi si silaha yako, hata mwenyewe akikulalamikia hadharani.

Mtu yule sijamsamehe. Tungali tunaishi mji mmoja, na kila tukikutana hutazama midomo yangu. Siri zake sitazisema kamwe. Naye, kila asubuhi, hana hakika.