Pishi ya Wagonjwa

Sogeeni karibu, wanangu, Mgeni na Tatu, na wewe Masika kaa hapa miguuni, maana sauti yangu haifiki mbali tena. Tabibu hatoitwa. Nimekataa mwenyewe, na sababu mtaisikia.

Mikarafuu yangu ya hapa Mgogoni mgawane kwa sheria, kadhi awepo, na nyumba hii akae Tatu. Hayo yamekwisha. Lililobaki ndilo linalonikaba roho.

Mnaijua pishi ya wagonjwa. Tuliianzisha wachumaji wenyewe, nyumba thelathini, kila nyumba itoe pishi moja ya karafuu kavu kila msimu, mimi niziweke na kuziuza, na yeyote wa nyumba hizo atakayeanguka mtini au kushikwa na homa achukuliwe Wete akatibiwe bila ya kuombaomba. Niliipenda kazi ile, wallahi. Watu walijaa barazani na pishi zao, tukinywa kahawa na kutaniana. Kisha karafuu zikashuka bei, dawa zisishuke. Nkapandisha hadi pishi mbili, nyumba kumi zikajitoa, kwani mwenye watoto sita, ukimwekea homa ya mwakani na muhogo wa leo, atachukua muhogo. Tulipopungua mbili hazikutosha, nkapandisha tatu, wakajitoa wengine. Niliona kuwa nawafukuza wale wale wenye shida, lakini nkajisifu kwamba hesabu yangu haikupungua hata kibaba.

Ami yenu Matano, ndugu yangu wa tumbo moja, alishindwa msimu mmoja tu. Msimu huo huo mkewe Mwatum akaanguka mkarafuuni, akavunjika nyonga. Matano alikuja mbio akasimama pale uani, jasho linamtoka, akasema, "Kaka, nipe watu wa kumchukua na cha kumtibia, msimu ujao ntatoa zote sita." Nkamwambia, "Aliyekosa kutoa hachukuliwi, na nkikupa wewe kwa kuwa ndugu yangu, wenzako watasema nini?" Gunia lilikuwa nyuma ya mlango, limejaa. Mwatum alikaa siku nne akafa, na Matano akahamia Vitongoji na watoto wake.

Waliobaki walijitoa mmoja mmoja, kimya kimya. Mwaka wa sita huu natoa peke yangu, najipimia, najipokelea. Siku nyingine nilipika kahawa ya watu kumi, nkaketi nayo barazani mpaka ikapoa. Watu wakipita walinisalimu vizuri, lakini hakuna aliyekaa. Upweke umeniuma kuliko maradhi haya, wanangu, na sikumwambia mtu. Basi dawa ya fedha ya pishi ile mimi nitaimeza vipi, na Mwatum nilimnyima?

Karafuu za pishi zilizomo ghalani ziuzeni, mtibie mgonjwa yeyote wa Mgogoni, na msimuulize alitoa lini.

Nipeni maji. Kidogo... basi.

Mgeni, wewe ndiye mkubwa. Kabla sijasaliwa utasimama, kama ada, uwaombe watu radhi kwa ajili yangu, na watu wataitika tumemsamehe, wote kwa pamoja, kama wanavyomwitikia kila maiti. Mimi hiyo hainitoshi. Jeneza lingoje mpaka Alasiri, Matano apate kufika. Umtaje Mwatum kwa jina lake, useme baba alikuwa nacho akamnyima, kisha unyamaze umngoje ami yako. Asipojibu, msimbembeleze. Haki ni yake. Nisalieni hivyo hivyo, mnizike.

Radhi zangu mnazo nyote watatu, Mungu akupeni riziki ya halali, na milango yenu isikose mtu wa kupiga hodi...

Pumzi... Masika. Ondoka. Nenda Vitongoji sasa hivi, usingoje nife. Mwambie Matano kwamba mimi... la. Hayo usimwambie wewe.

Mwambie kaka yake anaumwa.