Barua Iliyokaa Miaka Mitatu Kwenye Droo

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, na aliye karibu na kiti avute kiti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewatatulia watu shida zao gazetini kwa miaka thelathini na mmoja. Kila Jumatano, ukurasa wa kumi na mbili, kona ya chini, juu ya tangazo la magodoro. Mlimwita Shangazi. Alifariki Jumapili iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne, kitandani kwake, miwani usoni na kitabu kifuani.

Shangazi alikuwa na sheria moja. Hakutoa ushauri ambao hajaujaribu mwenyewe. Narudia, maana wengine ndio kwanza mnawasha redio: hakutoa ushauri ambao hajaujaribu mwenyewe.

Walioumia ni wa nyumbani. Msomaji mmoja aliuliza afanye nini na mume anayekoroma. Shangazi akashonea mpira mdogo mgongoni mwa pajama ya mume wake, ili asilale chali. Mzee yupo, na kinyongo anacho bado. "Ninyi mlisoma gazeti," ametuambia. "Mimi ndiye niliyekuwa maabara." Msomaji mwingine aliuliza kama kununa kunasaidia ndoa. Shangazi akanuna siku tatu. Mzee anasema hajapumzika vile tangu aoe.

Kisha ikaja barua ya mama mmoja, fundi cherehani. "Shangazi, nina miaka hamsini na minane. Niliacha shule kidato cha pili. Je, nimechelewa kurudi?"

Hapo kalamu iligoma. Maana Shangazi naye aliishia kidato cha pili, na pale gazetini hakuna aliyejua. Lakini sheria ni sheria. Aliitia barua kwenye droo, akajiandikisha darasa la watu wazima, saa kumi alasiri, akiwa na miaka sitini na mitatu. Binti yake alimkuta mlangoni na begi mgongoni.

"Mama, unahama?"

"Naenda shule. Chakula kipo kwenye sufuria."

Historia aliimeza. Lugha aliitafuna. Hesabu ikamkaba kooni. Mtihani wa kwanza, akaanguka. Mtihani wa pili, akaanguka tena, kwa alama mbili tu. Binti yake anakumbuka: "Alivua viatu, akakaa, akasema, 'Mwanangu, hii x nikiitafuta leo nikaipata, kesho wananiambia niitafute upya. Wanaiweka wapi?'"

Alitania, lakini moyoni hakukuwa na utani. Miaka mitatu fundi alikuwa hajajibiwa. Kumwambia "rudi" ni uongo, maana yeye mwenyewe hakufika. Kumwambia "umechelewa" ni kumfungia mtu mlango. Basi akaandika ukweli: "Fundi, nilitangulia kukuangalizia njia. Mimi pia niliishia kidato cha pili. Hesabu imeniangusha mara mbili. Jibu sina. Nisamehe."

Mhariri alimpigia simu. "Shangazi, watu watasema walikuwa wanashauriwa na mtu wa kidato cha pili!"

"Waseme. Kwani si kweli?"

Wiki iliyofuata kikaja kifurushi. Ndani, daftari la hesabu na kikaratasi: "Pole, Shangazi. Nilikungoja mwaka mmoja. Nilipoona unachelewa, nikaenda. Nimefaulu. Anza na ukurasa wa tisa, ndipo penye dawa."

Mzee anasema mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafungua ukurasa wa tisa.

Mtihani wa tatu alifaulu. Alipata C, akaitundika sebuleni, juu kuliko picha ya harusi. Na Jumatano yake akachapisha jibu fupi kuliko yote: "Fundi, hukuchelewa. Niliyechelewa ni mimi."

Tunampa pole Mzee, tunampa pole binti, na wajukuu, na fundi cherehani aliyekuja mazishini na daftari lake kwapani.

Mezani kwa Shangazi imekutwa barua moja ambayo haijajibiwa. Dereva mstaafu anauliza kama mtu wa miaka sabini anaweza kujifunza kuogelea. Jibu halikuandikwa. Lakini binti anatuambia kwamba Jumapili ile alipotoka nje kuwapokea majirani, alikuta vazi la kuogelea la mama yake kwenye kamba ya nguo. Lilikuwa bado linachuruzika maji.

Mzee dereva, kama unatusikiliza, chukua taulo. Na wewe mwingine, msikilizaji mpendwa, unayengoja kuambiwa: unamngoja nani?