Vunjeni Upande wa Chumvi

Sogeeni, wanangu, na asiyepata nafasi kwenye mkeka asimame mlangoni, mradi asinizibie dirisha, maana leo dirisha hilo ndilo sikio langu. Qabale, kaa hapa karibu na kichwa changu, unishike mkono. Adan, wewe chukua nyundo uende nje kwenye birika, uanzie kona ya mtoni, ugonge ukuta polepole ukilizunguka lote, nami nitasema huku nikikusikiliza. Sauti yangu bado inafika hapo nje, na ikishindwa kufika dada yako atakupigia kelele, kazi anayoiweza tangu utotoni. Nasema Kiswahili badala ya Kiorma kwa sababu Swaleha yuko hapa, mhandisi wetu, mjukuu wa marehemu Buya, jirani yetu Mpokomo, na sitaki maneno yangu ya leo aje atafsiriwe kesho na mtu mwenye lake.

Bismillahi. Akili yangu ninayo yote, ni kifua na miguu tu vilivyotangulia kuniaga. Ng'ombe wangu siwagawi, kwa kuwa sharia imekwisha kuwagawa, na kadhi atamsomea kila mtu fungu lake, na atakayenung'unika akanung'unike mbele ya kadhi. Nyumba hii vivyo hivyo. Nilichowaitia ni birika hili la kunyweshea ng'ombe, ambalo si mali yangu wala si mali ya mtu mmoja, kwa hiyo kadhi hatalitaja, na najua mkishanizika ndilo mtakalogombania kabla wageni hawajaondoka.

Mmekwisha kuanza, msidhani sisikii. Adan anasema zege limechoka, birika libomolewe lote, jipya lijengwe kule kando ya lami, karibu na soko la mifugo. Qabale anasema lipigwe plasta, lipakwe chokaa, na asionekane mtu kuligusa kwa nyundo. Tangu mafuriko yapungue mnasalimiana kwa kidevu, watoto wa tumbo moja, na kila mmoja anakuja kwangu kwa zamu kuninong'oneza ubaya wa mwenziwe. Nimewasikiliza wote wawili, na wote wawili mmekosea, na leo nasema neno la mwisho.

Adan! Usigonge kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Piga! Enhe. Sikilizeni mlio huo, mkavu, unaruka juu. Huo ni ukuta mzima. Ile kona iliyomeguka hapo mbele yako ililiwa na gogo lililoletwa na mafuriko, sote tuliliona limelala pale maji yalipoondoka, na kwa sababu tunalijua lililoivunja, na limekwisha kwenda zake, kona hiyo inatibika. Endelea mbele, baba, taratibu.

Wengine wenu mlizaliwa mkalikuta birika, mkadhani limeota hapo pamoja na nyasi. Zamani ng'ombe wetu walishuka mtoni kwa malka, ile njia yao ya maji inayopita katikati ya mashamba, na kila kiangazi walipotoka nyikani na kiu, malka ilikuwa imebanwa zaidi, huku mahindi, huku migomba, mpaka ng'ombe apite kwa ubavu. Mwaka mmoja wakaingia shambani kwa Buya wakala mahindi yakiwa mabichi. Buya akatoka na panga, nami nikatoka na fimbo yangu, tukatazamana, na Mwenyezi Mungu peke yake anajua kilichotuzuia. Baada ya hapo tukaswali safu moja kila Ijumaa bila kupeana mkono. Mimi nilikuwa na hasira, na nilikuwa nayo kwa raha, kama mtu anayekuna upele.

Lakini mama yenu Bishara na mke wa Buya, bibi Tuneya, hawakuacha hata siku moja kubadilishana maziwa kwa ndizi. Wao ndio waliotuketisha. Bishara akaniuliza mbele ya watu, kama ng'ombe anataka maji tu, kwa nini maji yasipande yakamfuata yeye huku juu? Tuneya akamuuliza mumewe, kwani kile kipembe cha shamba chenye mawe umewahi kuvuna nini pale? Buya akatoa kipembe, sisi wafugaji tukatoa madume yakauzwa, tukanunua saruji, nondo na mashine ya kuvuta maji, mchanga tukautoa mtoni kwa mikono yetu, Waorma na Wapokomo, tukitukanana kwa mzaha toka asubuhi.

Sasa shikeni hili, hasa wewe Adan, acha kugonga kwanza usikie. Buya alitoa ardhi kwa sharti moja, tukashikana mikono juu yake mbele ya wazee. Kipembe ni cha birika maadamu lina maji. Likikaa kavu kiangazi kizima, kipembe kinarudi shambani. Nilikubali kwa moyo mmoja, kwa sababu lilikuwa sharti la haki. Swaleha analijua, babu yake alimwachia, na ndugu zake wanalijua pia. Basi ukibomoa birika lote, ukasubiri ahadi za watu wa kando ya lami, kiangazi kikakukuta huna lolote, ardhi imekwenda, na ng'ombe watashuka mtoni kwa njia ambayo leo ni migomba mitupu. Hapo hakuna atakayeuliza zege lilikuwa zuri au bovu. Tulizika watu pande zote mbili mwaka ule mbaya wa mapigano, mimi niliwabeba wengine kwa mabega haya, na sitaki mtu abebwe tena kwa ajili ya maji.

Gonga, Adan. Mzima. Mzima. Hapo kuna ufa, nausikia, lakini ni wa juu juu. Swaleha aliuchokoa kwa patasi mbele yangu, wakati bado naweza kutoka nje, akakuta ndani zege limeshikana na nondo ni safi. Fuateni alivyosema. Ufa ufunguliwe kwanza, kilicholegea kitolewe chote, vumbi lioshwe, ndipo ujazwe, kisha ufunikwe kwa magunia yanayomwagiwa maji kila siku mpaka mhandisi mwenyewe aseme basi. Asitokee mvivu akapaka plasta juu ya vumbi akaniombea dua.

Sasa geuka kona. Uko upande wa chumvi. Gonga.

Mmesikia? Gonga tena. Puu. Hakuna mlio. Ndani mna uwazi, ngozi ya ukuta imeachana na mwili wake.

Qabale, usiuvute mkono wako, najua. Huu ndio ukuta wa mama yako. Ng'ombe walikuwa wakifika kutoka nyikani wamechoka, wananusa maji, wanakunywa kidogo, kisha shingo zinageukia mahindi ya Buya. Mama yako akaanza kuweka chumvi juu ya ukuta huo, kwa vile haupigwi na upepo. Ng'ombe wakalamba, wakapata kiu upya, wakanywa mpaka matumbo yakawa mazito, wakalala chini papo hapo, na shamba likasalimika. Buya alimsifu mpaka mimi nikaona wivu, nawaambia kweli. Alipokufa Bishara ukaendelea wewe, Qabale, kwa mkono uleule, na wakati mwingine nikikutazama kutoka dirishani nilikuwa nikisahau kwamba ni wewe.

Sote tulisema ni mafuriko yaliyokula ukuta huu. Mafundi walisema hivyo, mimi nilisema hivyo, na tuliupiga plasta, ukapasuka, tukaupiga tena, ukapasuka palepale na kutoa maji ya rangi ya kutu. Swaleha alipokuja hakuanza na nyundo. Aliuliza, "Babu, hapa juu mnaweka nini?" Nikamwambia, chumvi ya ng'ombe, mjukuu wangu, tangu zamani. Akacheka kidogo, akashika kichwa. Ndipo akatueleza kwamba kila umande na kila mate ya ng'ombe yaliiyeyusha ile chumvi, ikazama ndani ya zege mpaka kwenye nondo, nondo zikaota kutu, kutu ikavimba, ikausukuma ukuta kutoka ndani. Alipochimba akatuonyesha chuma kimebaki chembamba, kinabanduka kwa kucha. Plasta ingefanya nini hapo? Chumvi imo humohumo, ingeendelea kula gizani.

Kwa hiyo amri yangu ni hii. Upande wa chumvi uvunjwe wote, na nondo zikatwe mpaka pale zinapokutwa safi, hata kama itawalazimu kwenda mbele kuliko mnavyopenda, kisha chuma kipya kiungwe hapo na ukuta mpya umwagwe. Pande nyingine zitengenezwe tu. Ule ukuta wa katikati hauguswi, kwa sababu ndio unaoligawa birika, na sehemu ya pili itabaki na maji siku zote za kazi, wanywe ng'ombe wa maziwa waliobaki nyumbani, na asiwepo wa kusema birika lilikauka. Mvua imeshuka, makundi yako mbali nyikani, saruji iko chini ya turubai. Wakati ni huu, kabla ng'ombe hawajarudi.

Na chumvi isiachwe, msije mkamfanya mama yenu mkosaji. Aliwaponya watu kwa chumvi ile. Iwekwe mbali na zege, basi. Swaleha amesema nyumbani kwao kuna mtumbwi wa babu yake, umetoboka, haurudi tena mtoni. Uleteni, muuweke penye kivuli, chumvi itiwe humo. Buya akituona huko aliko, ng'ombe wa Waorma wakilamba mtumbwi wake, atacheka mpaka apaliwe.

Nipe maji, Qabale. Kidogo... Inatosha.

Adan, wewe utakuwa msimamizi wa maji baada yangu. Una nguvu na una haraka, nguvu naipenda. Haraka yako mpe Swaleha aishike, na lolote la zege atakalokuambia lifuate, hata siku ambayo hutaki. Soko la kando ya lami likitaka birika, lijengewe lake, siku nyingine. Qabale, wewe utashika zamu za kunywesha kama alivyozishika mama yako, na kakako asikuingilie humo. Mwenye kuona ninapendelea, aseme sasa ningali na pumzi ya kumjibu.

Hakuna? Vizuri.

Nikifa nizikeni siku hiyohiyo, msingoje mtu wa Malindi wala wa wapi. Kaburi langu msilitie saruji. Wekeni udongo wa mto na miiba fisi wasifukue, inatosha, na mfuko wa saruji mtakaotaka kuniheshimu nao upelekeni ukutani.

Sogeeni niwaombee. Mwenyezi Mungu awape mvua ya kiasi, isiyozidi kingo za mto. Awape maziwa ya kumnywesha mgeni bila kumtazama kikombe. Awape... awape majirani wanaowaita kwa majina, na nyinyi mwajue kwa majina yao. Ampe Swaleha umri, yeye na wa kwao. Mkikosana, mkosane mchana, na jioni mle sinia moja. Amin. Semeni amin, sisikii... Amin.

Adan, rudi kona ya mtoni. Gonga mara moja tu, niusikie tena ule mzima.

Ah. Mlio mzuri. Huo usiguswe.

Sasa dada yako anakuja. Mpe nyundo kubwa. Wa kwanza kupiga upande wa chumvi ni yeye... Ndiyo, wewe, mama. Usilie. Mimi nilimpenda mama yako kuliko wewe unavyoweza kujua, na ukuta ule sasa ni chumvi na kutu. Sitaki uje upigwe na mtu asiyemjua. Nataka uvunjwe na mkono uliokuwa ukiweka chumvi, na mimi niwe nasikia.

Niachie mkono. Niachie, Qabale, siendi popote kabla hujapiga... Fungueni dirisha vizuri. Nenda.

Piga, mama.

Zaidi...

Ukuta umeanguka. Nimesikia. Endeleeni.