Maisha ya Mama Sare, Fundi wa Uzi Mwekundu

Ndugu zetu, majirani, na ninyi wateja mliokuja mmevaa nguo alizozishona marehemu mwenyewe, familia imempa kazi ya kusoma karatasi hii mdogo wake wa kumfuata, aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minne, ambaye ameambiwa afupishe na ambaye hatafupisha, kwa sababu marehemu, siku kumi na tisa kabla ya kufariki, aliagiza kwamba habari ya daftari isomwe mbele za watu, isifichwe.

Marehemu, mliyemjua kwa jina la Mama Sare, alizaliwa tarehe 9 Februari 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mlinzi wa kiwanda hicho na mkewe muuza mkaa. Alichelewa kutembea, hadi mwaka mmoja na miezi minane, na alipoanza alitembea kama mtu aliyeazima miguu, hakuna kizingiti alichokiruka bila kujikwaa, na kwa kuwa hakuwahi kutoka bombani akafika nyumbani na ndoo iliyojaa, baba yetu alimpa jina la Mwagamaji, jina alilolichukia maisha yake yote, na mdogo wake anaomba radhi kulitaja hapa, lakini mtaona kwa nini limetajwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 akamaliza Novemba 1970, hodari wa hesabu na kichekesho cha gwaride, maana mwalimu akiamuru kushoto geuka, darasa zima linatazama ukuta, yeye anatazamana na wenzake uso kwa uso. Mwaka 1972 aliingia chuo cha ushonaji, na huko mwalimu wake wa kukata vitambaa, alipoona ameshona mikono miwili ya kulia kwenye koti moja, alimfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akamwambia kushoto ndiko kuliko na uzi, basi, usijisumbue kufikiri, na uzi huo, ukibadilishwa kila ulipochakaa, hakuuvua miaka hamsini na miwili, wateja wakidhani ni pambo.

Aliajiriwa katika karakana ya sare za shule tarehe 3 Machi 1975, akapanda hadi kuwa mkuu wa meza ya kukatia, na mwaka 1986 akaacha kazi akaweka cherehani yake barazani. Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na fundi mashine wa karakana hiyo hiyo, mtu mpole, aliyefariki mwaka 1995, na walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1979, na wa kike, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1989, ambao wote wawili wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1998, yule kijana akiwa na miaka kumi na minane, alianza kusema kwamba cherehani inamsengenya, na asubuhi moja mama yake alimkuta ameketi katikati ya sare arobaini mpya, anafumua lebo za kola moja moja kwa wembe, taratibu, kwa sababu alisema zinasikiliza. Tarehe 6 Julai alilazwa, na ugonjwa ukapewa jina lake, skizofrenia, na mama yake, ambaye alizoea kwamba kila nguo iliyoharibika ina mahali ilipoharibikia, alimwuliza daktari wa magonjwa ya akili ni wapi alipopaswa kuona mapema.

Daktari huyo, mama mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alimpima kijana mama yake akitazama, akamwambia afumbe macho, akamchorea tarakimu kiganjani kwa ncha ya kalamu ataje ni ngapi, akamtembeza juu ya mstari wa vigae kisigino kikigusa vidole, kisha akamwonyesha mchezo wa mkono mmoja juu ya meza, ngumi, ukingo wa kiganja, kiganja chote, ngumi, ukingo, kiganja, haraka haraka, na mkono wa kijana ukawa unapotea njia. Akaeleza kwamba kuna dalili ndogo ndogo kama hizi, kigugumizi cha mikono tukisema kwa lugha ya nyumbani, ambazo kwa baadhi ya watu huonekana hata miaka kabla ya ugonjwa, na huonekana pia kwa ndugu zao wa damu, lakini peke yake hazisemi kwamba mtu ataugua, na wengi wanazo na wanazeeka salama. Dada yetu alibeba nusu ya kwanza ya maneno hayo akaenda nayo nyumbani, nusu ya pili aliiacha pale pale kwenye vigae.

Kitinda mimba alikuwa na miaka tisa. Kuanzia Jumapili iliyofuata, na kila Jumapili baada ya kuanua nguo, mama yake alimketisha upande wa pili wa meza ya kukatia, akamwambia mwanangu nifuatishe, na mdomo wake ukasema ngumi, ukingo, kiganja, na macho yake yakaganda kwenye mkono wa mtoto, na mkono wa mtoto ukaenda ngumi, kiganja, ukingo, kila mara. Aliandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya kifua cha fulani na urefu wa sketi ya fulani, amekosea, amekosea, leo amekosea mara nne, na akaishi roho juu juu miaka kumi, akihesabu vikombe vilivyomponyoka mtoto, akisikiliza mlangoni kama anacheka peke yake, akimzuia safari za shule, akisema ana kifua, na sisi tukiuliza kifua gani, anatuambia tumwachie mwanawe.

Sasa tunafika pale alipotaka tufike. Agosti 2008 ilikuja barua ya chuo, kitinda mimba amekubaliwa kusomea utengenezaji wa meno ya bandia, mji mwingine, miaka mitatu, na marehemu aliona mbele yake binti anaanza kuugua mbali naye, kati ya watu wasiomjua, akaikunja barua akaitia chini ya kopo la vifungo, akanyamaza. Binti aliipata akitafuta kifungo cha blauzi yake, siku kumi na moja baada ya usajili kufungwa. Jamani, katika nyumba ile hakukupikwa siku hiyo. Binti alisoma barua, akasoma na daftari, akasema kwa sauti ndogo sana kwamba kesho wanakwenda kwa daktari, wote watatu, na mama atamwonyesha daktari anachokipima.

Tarehe 17 Septemba 2008 walikwenda kwa yule yule mwenye kalamu tatu, mvi zimeshamwingia, naye akamwomba marehemu aonyeshe anavyompima mtoto. Marehemu akakunja ngumi, akasema ngumi, ukingo, kiganja, mara tatu, na kijana wetu, yule mgonjwa, aliyekwenda kuwasindikiza tu, akacheka akasema, Mama, anayekosea ni wewe. Na ilikuwa kweli, mdomo ulisema sawa lakini mkono ulikwenda ngumi, kiganja, ukingo, na mtoto, kwa adabu aliyolelewa nayo, alifuata mkono wa mama yake bila kukosea hata mara moja kwa miaka kumi.

Daktari akampima yeye mwenyewe, tarakimu, mstari, kidole puani, kushoto na kulia bila kuangalia uzi, na katika vipimo vinane alianguka vitano, na ndoo zote za Mwagamaji, na gwaride, na lile koti la mikono miwili ya kulia, vikapata maelezo siku moja. Aliuliza kwa woga, sasa mimi naugua lini, akiwa na miaka hamsini na mmoja na hajawahi kuugua akili hata siku moja, na daktari akamrudishia ile nusu aliyoiacha kwenye vigae. Binti alipimwa vizuri, akakosea tarakimu moja, na daktari akakiri kwamba hiyo hata yeye humpiga chenga. Marehemu hakucheka, alirudi nyumbani akilia kwamba basi mtoto wake wa kwanza ameutoa ugonjwa kwake, na kijana akamwambia, huku anapiga pasi, kwamba amechukua kwake pia pua, na hajawahi kulalamika.

Binti aliomba upya, akaenda chuo Septemba 2009, akasamehe polepole, hatutasema uongo kwamba ilikuwa siku moja, na meno ambayo marehemu alituchekea nayo miaka sita ya mwisho ni kazi ya mikono yake. Mjukuu alizaliwa tarehe 30 Aprili 2019, na alipoanza kutambaa marehemu alimtazama akijigonga mezani, na mdogo wake alimwona akiikalia mikono yake mwenyewe, yote miwili, ili isimpime.

Tarehe 11 Mei 2024 alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukafa, mkono wa uzi, na siku kumi na tisa kabla ya mwisho, akiwa bado na kauli, alitoa agizo letu hili, akisema wapo mama wengine wenye madaftari. Asubuhi ya tarehe 3 Juni, saa nne na dakika ishirini, kauli ikiwa imeshakwenda, alikunja ngumi ya kulia juu ya shuka, akafungua kiganja, akageuza ukingo, na kitinda mimba akamfuatisha, ngumi, kiganja, ukingo, hadi mkono mmoja ukaacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kiharusi, yule daktari mstaafu aliyekuja leo akisaidiwa kutembea, majirani mliomlinda kijana wetu siku alizokataa sindano yake, na mafundi wa karakana mliofunga kazi. Kijana wetu mwenyewe ndiye aliyepiga pasi nguo aliyovaa mama yake, na ndiye aliyemfunga uzi mpya mwekundu, akauliza mara mbili ni mkono upi, tukamwambia ni huo huo.

Dada, watoto wako wote wawili wamesimama hapa, mikono imetulia, hakuna wa kupimwa tena. Pumzika, Mwagamaji wetu, pumzika kwa amani.