Ngano ya Stamena

Jumanne tarehe nne Februari, saa kumi na moja na robo alfajiri, Stamena alivuta pumzi, akaitoa polepole, na hakuvuta nyingine. Tangu saa hiyo mumewe, Živan, hakukaa tena kula mezani nyumbani. Kila asubuhi alitembea taratibu hadi kijiweni, kwenye benchi la mbao mbele ya duka la Kosara, mkabala na kituo cha basi cha Knjaževac, mahali ambapo jua la Machi hufika mapema. Wenyeji wa benchi walikuwa wale wale. Alikuwepo Gvozden, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, naye ndiye aliyesimamia harusi ya Živan. Alikuwepo Blagoje, aliyekata tiketi za reli miaka thelathini na kwa kusoma magazeti ya abiria akapata jina la Profesa. Kosara alipika kahawa kwenye kibirika cha shaba, akatoka nayo na kukaa nao. Živan mwenyewe aliitwa Pipa. Miaka miwili nyuma madaktari walimkata sehemu kubwa ya tumbo ili apungue, akapungua mpaka shingo ikawa inacheza ndani ya kola, lakini jina halikupungua hata kidogo. Asubuhi hii ilikuwa ya Alhamisi, katikati ya Machi. Jumamosi ingekuwa arobaini ya Stamena.

— Pipa, onja hiki kimkate, alisema Kosara. Cha boga. Hakina siagi wala yai, Kwaresima yako iko salama.

Živan alikipokea, akashukuru, akamega kidogo. Alitafuna muda mrefu. Kisha akakohoa kwenye leso, akaikunja vizuri na kuirudisha mfukoni.

— Mwone huyo, alisema Redio. Anafunga kuliko watawa! Mimi juzi nimeota soseji, nikaamka nikaomba toba.

— Wewe toba yako ni kwa soseji ulizokula, si ulizoota, alisema Profesa.

— Nyamaza, Profesa. Mimi nasema hivi: Pipa anaisha. Na chanzo nakijua. Daktari alishona kubana mno. Mtu akishona gunia akalibana hivyo, hata mchele haupiti.

— Si mshono, alisema Profesa. Tumbo limekatwa, lakini kichwa hakijaletewa taarifa. Kichwa kinaagiza chakula cha watu wanne, tumbo linapokea cha kuku mmoja. Hapo lazima ofisi zigombane.

— Nyote hamjui kitu, alisema Kosara. Ni upepo. Kule hospitali walifungua dirisha huku na mlango kule, yeye kalala katikati na matundu ya mkasi bado mabichi. Upepo ukaingia. Tumbo likiwa na upepo litachukuaje supu?

— Upepo wa miaka miwili, Kosara?

— Shangazi yangu alikaa na wa kwake miaka kumi na tisa!

Živan alitabasamu. Aliwapenda. Alipenda kwamba walimsema mbele yake, bila kushusha sauti kama wafanyavyo wengine tangu mazishi.

Redio akasogeza kikombe, akainama mbele. Alikuwa amefika kwenye lile alilolihifadhi.

— Mimi nimelala nalifikiria. Kile kipande walichokata. Walikipeleka wapi?

— Walikitupa, basi, alisema Kosara. Au walikichoma.

— Ehee! Kimetupwa, hakikuzikwa, hakikuombewa. Kiko mahali, kina njaa, kinaita. Pipa akila hapa, kule hakipati. Ndiyo maana hashibi wala hali.

— Kwa hiyo tukifanyie arobaini na chenyewe? aliuliza Profesa.

— Sikatai.

— Mungu atusamehe, alisema Kosara, akafanya ishara ya msalaba huku anacheka.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mwanamke wa makamo mwenye begi la bluu, akisubiri basi la saa tano. Alikuwa Senka, muuguzi mpya wa zahanati, hana hata wiki mbili mjini. Kosara alikuwa amemmiminia kahawa kama anavyommiminia kila mgeni. Senka alikuwa ameiona ile leso ilivyotoka na ilivyorudi. Aliweka kikombe chini.

— Samahanini. Huyu bwana anakula na nani?

Redio alimgeukia.

— Mimi nimempelekea maharage Jumapili, alisema Kosara. Sufuria nzima. Niliweka kizingitini.

— Mke wangu alitundika mfuko kwenye kitasa, alisema Profesa. Kabichi iliyokunjwa, wali na kokwa za jozi ndani. Ilikuwa bado ya moto.

— Sijauliza nani anampelekea, alisema Senka kwa upole. Nauliza nani anakaa naye.

Walitazamana, kisha wakatazama vikombe. Walikuwa wamepeleka chakula siku thelathini na nane, kwa ajili ya roho ya marehemu, kama ilivyo desturi, na wote walikuwa wamegonga mara moja, wakasema, “Kula, Živan, kula kwa ajili ya roho yake,” wakaondoka upesi ili wasimsumbue mfiwa.

Živan alikuwa anaangalia mikono yake. Alizungumza polepole, kama alivyozungumza siku zote.

— Mimi sifungi. Nimewadanganya. Nimemdanganya na Mungu, nikijificha nyuma ya Kwaresima yake.

— Hebu, ndugu yangu… alisema Redio.

— Niache niseme. Nilipopungua, watu walinipongeza barabarani. Na mimi nikaanza kuogopa. Kila tonge niliona ni yule Pipa wa zamani anarudi. Stamena ndiye aliyegundua. Alinipeleka Niš kwa mshauri, yule mama anayeongea na watu waliofanyiwa operesheni kama yangu. Tukawa tunaenda kila wiki mbili. Na nyumbani Stamena alikaa mbele yangu, anakula chake, ananisimulia habari za majirani. Hakuwahi kuniambia kula. Nikawa nakula. Kidogo, lakini kinakaa.

Basi lilipita upande wa pili, halikuwa la Senka.

— Sasa mchana natema. Usiku nasimama mbele ya friji, nakula vya kwenu bila kuhesabu, mpaka naumia. Halafu vinarudi vyote. Asubuhi nakuja hapa, mnanisifu.

Kosara alikuwa ameshika kibirika bila kummiminia mtu.

— Kinachonitesa ni Jumamosi, alisema Živan. Mume ndiye wa kwanza kuchukua kijiko cha ngano ya kuchemsha pale kaburini. Tangu nikiwa mdogo nimefundishwa kwamba kinachomezwa kwa jina la marehemu kinamfikia. Nikishindwa je? Nitaitema ngano ya Stamena juu ya kaburi lake?

Redio alisogea karibu naye kwenye benchi.

Senka alivuta begi mapajani.

— Bwana Živan, huo ni ugonjwa, si udanganyifu tu. Madaktari wanaufahamu, na wanawaona wengi baada ya operesheni hizi. Mkasi unapunguza tumbo, hofu unaiacha ilivyo. Yule mshauri bado yuko?

— Yuko. Sijampigia tangu mazishi.

— Mpigie leo. Mwambie na hayo ya usiku, usimfiche. Na pitia zahanati kesho tupime damu, kutapika kunamaliza madini mwilini. Mengine siyajui. Ya ngano muulize padri.

Basi lake likaja. Aliuliza kahawa ni kiasi gani, Kosara akakataa kwa kupunga mkono. Akapanda.

Redio akasukuma kikombe chake pembeni.

— Mshauri wako anapokea simu saa hizi?

— Anapokea.

— Basi piga, mimi nageuka huku. Halafu chakula cha mchana unakula saa ngapi?

— Zamani, saa saba.

— Nitakuja saa saba kasoro. Nakuja na supu yangu mwenyewe, sitaki ya kwako. Na nitaongea, hilo siwezi kujizuia.

— Najua.

— Kosara, acha kupeleka masufuria, alisema Profesa. Na mimi nitamwambia mke wangu.

Saa saba Redio alikula, akasimulia habari ya mbuzi wa binamu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakutazama sahani ya mwenzake hata mara moja. Živan alimeza vijiko vinne. Vitatu vilikaa. Ijumaa alipimwa damu, na jioni akamwendea padri, akamweleza yote. Padri alimwambia kwamba Mungu hapimi upendo kwa kijiko, na kwamba punje moja ni ngano kamili.

Jumamosi kaburini upepo ulikuwa mdogo na mshumaa haukuzimika. Ngano ilikuwa imechemshwa, ikachanganywa na jozi na sukari, msalaba umechorwa juu yake. Padri alipomaliza kuimba, bakuli likaletwa kwa Živan. Redio, Profesa na Kosara walisogea wakachukua vijiko vyao pamoja naye, kinyume cha utaratibu. Padri aliona, akawaacha. Hakuna aliyesema kula. Profesa aliuliza kwa sauti ya chini kama treni ya Niš bado inachelewa Jumatatu, kwa sababu Živan alikuwa na miadi na mshauri siku hiyo saa nne. Redio akajibu kwamba inachelewa, na kupanda basi ni bora.

Živan aliweka punje chache mdomoni. Alitafuna. Hofu ilikuja ikasimama mahali pake pa kawaida, chini ya mbavu, naye akaiacha isimame. Alisikia Redio na Profesa wakibishana kuhusu basi. Akameza.

Zilizobaki kijikoni hakuziweza. Alimpa Redio, naye Redio akazila.

Kisha Živan akavua kofia, akapiga goti kwenye udongo ambao bado haujatulia, akasema:

Ee Bwana, mpumzishe mtumishi wako Stamena mahali penye mwanga, pasipo maumivu wala kuugua. Msamehe alilokosa kwa kujua na kwa kutojua. Yeye alinilisha kwa subira, na wewe umlishe mezani kwako, na asikae peke yake. Kumbukumbu yake idumu milele. Amina.