Muthokoi Usio na Moshi

Bwana asifiwe, watu wa nyumbani! Asifiwe tena, maana mwaka jana wakati kama huu nisingeweza kusimama mbele ya watu na mlango uko wazi nyuma yangu. Ningekuwa nageuka kuangalia kila dakika.

Wengi mnanijua. Mimi ni Nduku, mtoto wa hapa Mbumbuni, yule aliyekuwa anaimba sauti ya juu mpaka wazee wanaziba masikio. Niliolewa Kyuso, na huko wananiita Mama Mwende. Nimekuja kuwaambia jinsi Mungu alivyonitoa katika hofu. Na hofu yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa ya sufuria. Msicheke bado.

Huko Kyuso tunaishi kwa ploti ya vyumba sita. Landilodi wetu, Mzee Kilonzi, aliweka mita moja ya stima kwa ajili yetu sote. Kila Jumatatu kila nyumba inachanga kiasi sawa, tunanunua tokeni, tunatumia pamoja. Sheria ilikuwa taa, simu na redio, basi. Kupika kwa stima ni marufuku. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Zuhura, ndiye peke yake aliyeruhusiwa friji ndogo, kwa sababu anauza maji baridi na barafu za watoto, na alikuwa anaongeza kitu juu ya mchango wake. Yeye ni Mwislamu, mama yake alitoka pwani, na pia ni fundi wa nguo. Mtu mpole sana. Ukimsalimia asubuhi anakuuliza mpaka habari ya kuku.

Basi stima ikapanda. Nyinyi pia mnajua, hata hapa ilipanda. Tokeni zilizokuwa zinafika Jumapili zikawa zinaisha Alhamisi. Gesi nayo ikapanda mpaka mtungi wangu nikaugeuza kiti cha wageni. Makaa, hata usiseme! Kuni ziko mbali, na mgongo wangu si ule mliokuwa mnaujua. Baba Mwende yuko Mwingi kwa vibarua vya ujenzi, anakuja mwisho wa mwezi na kile kidogo alichopata. Ndengu zangu zilikauka zikiwa na maua.

Na kwangu tunakula muthokoi. Nyinyi ni Wakamba, siwezi kuwafundisha. Muthokoi hauna haraka. Mahindi yale hata ukiyatwanga maganda yote yakatoka, hata ukiyaloweka, bado yatakaa motoni masaa matatu, manne, pamoja na maharagwe yake. Mpe mume wangu wali, mpe chapati, bila muthokoi atakuambia leo hajala. Sasa utauchemsha na nini?

Siku moja nikaona sokoni jiko la koili, lile la waya unaowaka mwekundu ukichomekwa kwa stima. Nikalinunua, nikalifunika na leso ndani ya kikapu, nikalisukuma chini ya kitanda. Nikajiambia, mara moja tu. Ai, ndugu zangu! Hiyo "mara moja tu" muiogope.

Nikachagua Jumanne na Ijumaa, siku ambazo wengi kwenye ploti wametoka. Nafunga mlango, nashusha pazia, nawasha. Lakini fikirieni joto la Kyuso, saa tano mchana, na mtu amejifungia ndani! Lazima mtu atauliza. Mama Kanini wa chumba cha mwisho akauliza kweli. Mimi wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Mdomo ukajibu kabla sijaufikiria: "Niko kwa maombi, dada. Jumanne na Ijumaa nafunga."

Woi! Kutoka siku hiyo wakawa wanapita mlangoni kwangu wakinyata. Watoto wakipiga kelele wanakemewa, nyamazeni, Mama Mwende anaomba! Kumbe huko ndani Mama Mwende amekaa kitandani, jasho linamtoka, anakoroga sufuria na mwiko uliofungwa kitambaa ili usigonge.

Sikuwa na raha hata kidogo. Plagi ilianza kunuka plastiki. Ukuta karibu na soketi ukawa mweusi, nikaufunika na kalenda ya kanisa. Siku moja povu la maharagwe lilifurika likamwagikia koili, nami nikiwa nimeshika mfuniko. Stima ikanirusha mpaka kitandani, mkono wote ukafa ganzi. Na sikupiga kelele! Mtu anapigwa na stima na ananyamaza, kwa sababu anaogopa jirani kuliko anavyoogopa kufa. Nililala pale natazama paa, nasikia viatu vinapita nje, nasema moyoni, wakiingia sasa nitawaambia nini?

Nikawa naota moto. Nikienda sokoni nageuka kutazama kama kuna moshi upande wa ploti. Mwende, ambaye yuko darasa la tano, nilimwambia usiseme kwa watu tunapika na nini. Akaniuliza, "Mama, hiyo si uongo?" Nikamfokea. Jumapili kanisani nikasimama mbele ya watoto, yeye akiwa katikati yao, nikawafundisha kusema ukweli. Alinitazama tu.

Sasa tokeni zikawa zinaisha Jumatano. Ploti nzima gizani, na simu zimezima. Mzee Kilonzi akaita mkutano hapo kwenye mfereji wa kufulia. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu mwizi analala hapa hapa." Macho yote yakaenda kwa Mama Zuhura, kwa sababu ya friji.

Mama Zuhura akasema, "Friji nimeizima tangu bei ipande, maji siku hizi nayapoza kwenye chungu. Njooni muone."

Hakuna aliyeinuka. Hata mimi sikuinuka.

Ndipo Mzee Kilonzi akasema maneno yaliyonitia baridi mchana wa jua. Akasema kama hakuna anayekubali, ataita wazee walete kithitu, kila mtu aape. Mnajua kithitu, kile kiapo cha wazee wetu. Hata sisi tuliookoka tunakijua, tunasema tu hatukijui. Ukikila kwa uongo, kifo kinaingia kwako na kuhesabu watu mmoja mmoja. Nikainua mkono nikasema, "Mimi nimeokoka. Mimi siwezi kula kithitu."

Ndugu zangu, nisikilizeni vizuri hapa. Nilichukua wokovu nikajificha nyuma yake kama mwizi nyuma ya mlango! Na watu wakatikisa vichwa, wakasema ni kweli, Mama Mwende ni mtu wa Mungu, yeye tumwache.

Kisha Mama Zuhura naye akasema, "Hata mimi dini yangu hainiruhusu kuapa kwa kitu hicho. Mimi naapa kwa Mungu peke yake." Mama Kanini akapiga makofi. "Mnaona? Anaogopa!" Maneno yale yale, jamani! Mimi yalinifanya mtakatifu, yeye yakamfanya mwizi. Mzee akampa mpaka mwisho wa mwezi awe ametoka. Nami nilirudi chumbani nikafunga mlango.

Siku ya tatu Mwende akashikwa na homa. Alikuwa anawaka mwili, anatetemeka, anaongea maneno ya ajabu. Hofu iliyonishika siwezi kuwaeleza. Nikasema, kithitu kimekuja. Sikuapa, lakini kimenifuata kwa sababu ya mwanamke yule. Ngai! Hospitalini wakasema ni malaria, wakampa dawa, na mtoto akapata nafuu. Lakini mimi sikupata nafuu. Nilikuwa nikimwangalia amelala, naweka mkono puani kwake kuona kama anapumua. Nikijaribu kuomba, maneno yanafika kooni yanarudi. Ningeanzaje? Nimwambie Mungu nini ambacho sikukitumia kufunika sufuria?

Na mjue nani alinisindikiza hospitalini siku hiyo. Mama Zuhura. Alimbeba Mwende mgongoni, akafunga biashara yake, mtu ambaye nilikuwa nimemfukuzisha.

Ilipobaki siku mbili mwezi uishe, nikaenda kumsaidia kufunga vitu vyake. Msinisifu. Nilienda kwa sababu jirani mwema huenda, na nilikuwa bado nataka kuonekana jirani mwema. Alikuwa ameshafunga cherehani na godoro. Akaniambia nimpe nguo zilizo kwenye friji. Nikadhani sikusikia vizuri. Nikafungua.

Hakukuwa na maji wala barafu. Friji ilikuwa kavu, imejaa leso zilizokunjwa vizuri, na nyuzi za cherehani, na kofia ya marehemu baba yake. Ilikuwa na harufu ya ubani. Ile friji ilikuwa haijawashwa miezi na miezi, alikuwa ameifanya kabati.

Nikamuuliza, "Mbona hukuwaonyesha?"

"Niliwaita waje waone, Mama Mwende. Si ulikuwepo?"

Akaendelea kukunja, bila kuniangalia, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Jumanne na Ijumaa nasikia harufu ya muthokoi kutoka kwako. Masaa matatu, manne, na hakuna moshi. Mtungi wako wa gesi ndio ninaoukalia nikija kukutembelea."

Nikakaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Nikasema, "Ulijua. Kwa nini hukusema?"

Akasema, "Sikuona kwa macho. Ningeapaje kwa Mungu juu ya harufu?"

Ndugu zangu! Mwanamke ambaye sisi hatumhesabu kati ya watu wa Bwana aliogopa kunishuhudia bila kuona kwa macho, na mimi niliyeona kwa macho yangu nilinyamaza akafukuzwa! Nililia. Nililia kilio kibaya, cha kamasi. Na pale pale, juu ya godoro la mtu niliyemdhulumu, nikasema, "Mungu, naogopa." Hayo ndiyo maombi yangu ya kwanza ya kweli baada ya miezi mingi. Sikusikia sauti. Nilipata nguvu ya kusimama tu, na ilinitosha.

Nikaingia kwangu, nikainama chini ya kitanda, nikatoa koili. Ilikuwa alasiri, akina mama wako mferejini wanafua, na Mzee Kilonzi anatengeneza lango. Hatua kumi na tano tu kutoka mlangoni mpaka pale, na kila hatua moyo unaniambia rudi, watakupiga, kanisa litakuvua uongozi, Baba Mwende atasema nini, utalala wapi? Waya ukawa unaburuzika nyuma yangu, unagonga chini. Nikaiweka juu ya saruji katikati yao, nikasema, "Mwizi wa stima ni mimi. Mama Zuhura hana kosa. Friji yake ni kabati la nguo, nendeni muone."

Maji ya mfereji yanamwagika na hakuna anayefunga. Kisha Mama Kanini akauliza, "Na yale maombi?"

Nikajibu, "Yalikuwa muthokoi."

Kuna aliyecheka. Wengi hawakucheka. Mama Kanini alinitukana, na matusi yake yalikuwa ya haki, nikayapokea yote. Lakini nawaambia mbele za Mungu, ile hofu iliniachia hapo hapo! Aibu ilibaki, na aibu inauma, lakini unaweza kulala nayo. Nililala siku ile mpaka kuku wakashangaa.

Mzee Kilonzi alikata waya wa koili kwa koleo. Akasema ninunue tokeni za ploti nzima mimi peke yangu miezi miwili, na nikauza mbuzi wawili nikafanya hivyo. Akaenda kwa Mama Zuhura kuomba radhi, kofia mkononi. Uongozi wa akina mama niliurudisha mwenyewe kabla hawajauchukua. Na watoto wa Kyuso wakaniita Mama Koili. Mpaka leo! Nikipita wananiitia hivyo, na mimi nawapungia mkono.

Mama Zuhura hakuniambia amenisamehe. Mizigo yake ilikaa imefungwa siku tatu pale mlangoni, nami kila nikitoka naiona. Siku ya nne nikaona leso zake kwenye kamba, zimeanikwa.

Kisha wanawake tukakaa tukasema, jamani, mama zetu walilimaje mashamba makubwa bila pesa? Si kwa mwethya, kwa kusaidiana kazi? Basi na tupike kwa mwethya. Sasa kila Jumamosi asubuhi tunawasha moto mmoja nyuma ya ploti, kuni kila mtu ameleta mzigo wake, na sufuria moja kubwa ya shule tuliyoazima. Muthokoi wa nyumba sita unachemka pamoja, kisha kila mtu anagawiwa wake. Bei haijashuka, sitawadanganya. Lakini tunakula, na tokeni zinafika Jumapili. Jumamosi ile ya kwanza nilikuwa nimeinama napuliza moto, macho yamejaa moshi, nikasikia mtu amechuchumaa kando yangu. Mama Zuhura. Akamwaga maharagwe yake ndani ya sufuria, juu ya mahindi yangu, akasema, "Leo muthokoi wako una moshi, Mama Mwende." Nikajua nimesamehewa.

Ndugu yangu uliyekaa hapo, sijui unaficha nini. Najua tu maisha ni magumu, na shida inaweza kumfundisha mtu mwema kufunga mlango mchana. Jirani yako amesikia harufu. Mungu anaijua mpaka sufuria. Kwa nini uendelee kutetemeka peke yako humo ndani? Mwambie tu unaogopa, maneno mawili yanatosha, Yeye atakusimamisha. Zile hatua kumi na tano utazitembea.

Na mkija Kyuso karibuni kwangu. Jumanne na Ijumaa utakuta mlango uko wazi na pazia limeinuliwa. Ukinikuta nimefumba macho, usininyatie, ingia tu. Siku hizi naomba kweli.