Mstari wa Mwisho Hausomwi Mazoezini

Ndugu zetu, majirani, wanajukwaa na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa karatasi hii niwasomee maisha ya dada, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pazia, na naomba mapema mniwie radhi nikienda mbio, kwani shemeji yangu, mume wa marehemu, yuko pale mlangoni anakwenda na kurudi tangu asubuhi, amekataa kiti, amekataa chai, na kila nikimtazama napotea niliposoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba fundi wa madaraja na mama mshonaji, na kwa kuwa baba alihamishwa kila daraja lilipokwisha, dada alisoma shule ya msingi, kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, katika shule tano, hakumaliza daftari hata moja mahali alipolianzia, akawa kiguu na njia tangu utoto. Sekondari aliimaliza Novemba 1978.

Tarehe 2 Februari 1980 aliitwa kukunja mavazi kwa siku tatu katika ukumbi wa michezo ya nyimbo, ule ulio nyuma ya karakana za maseremala, akakaa hapo miaka arobaini na moja, na kuanzia mwaka 1986 alikuwa msimamizi wa jukwaa, yaani yeye ndiye aliyeamua pazia lipande lini, taa izimwe ipi, nani atoke na nani aingie. Watazamaji hawakuwahi kumwona, ila hakuna mwimbaji aliyekanyaga mbao zile kabla dada hajamwambia, “Ingia.”

Huko nyuma ya pazia kuna sheria zake. Ni marufuku kupiga mluzi, kwa sababu zamani wavuta kamba, wale wanaopandisha na kushusha mapambo ya jukwaa, waliitana kwa mluzi, na mwaka 1991 mpiga filimbi mmoja mgeni alijisahau, akapiga mluzi huku akitafuta tai yake, basi mzee wa kamba, ambaye masikio yake yalibaki ya enzi zile, akashusha mlima mzima wa mbao na turubai katikati ya wimbo wa harusi, bwana harusi akabaki upande huu, bibi harusi upande ule, wakaumalizia kwa kuitikiana mlima ukiwa katikati, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo ulivyotungwa. Dada alimtoa nje yule mpiga filimbi, akamzungusha mara tatu, akamwamuru abishe hodi na kuliomba radhi jengo.

Lakini sheria iliyomtawala hadi nyumbani ni ya mstari wa mwisho, kwamba mazoezini mchezo husomwa wote isipokuwa sentensi ya mwisho kabisa, hiyo huwekwa hadi siku ya kufungua, yaani onyesho la kwanza, ukumbi ukiwa umejaa, maana wanaamini mchezo uliomalizwa bila watazamaji umeshakufa.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa kwa msajili na mpiga tarumbeta wa ukumbi, huyu shemeji yetu, na wenzao waliwafanyisha mazoezi ya kiapo wiki nzima, kila mara dada akiishia kabla ya neno la mwisho, hivyo siku yenyewe msajili alipomuuliza alinyamaza kwa mazoea, msajili akangoja, mashahidi wakaanza kukohoa, jasho likamtoka shemeji, akapaza sauti, “Mwenzangu, leo tumefungua!” ndipo dada akashtuka na kusema amekubali.

Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1990, leo mwalimu wa hesabu, na wa kiume mwaka 1993, fundi umeme, na wapwa zangu hawa watawaambia kwamba mama yao alikula amesimama na hakumwambia mtu kwaheri hata siku moja, hata mama yetu alipokuwa akikata roho mwaka 2004 dada alikuwa akipanga viti uani, nami nilimkasirikia sana, nikamnunia karibu mwaka mzima, jambo ninalolijutia mbele yenu.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Agosti 2022, akalazwa tarehe 3 Juni 2023, na wodini pia hakutulia, aliwapangia wauguzi nani atangulie na vidonge na nani afuate na sindano, mpaka daktari mwenyewe akawa anasimama mlangoni akingoja kuambiwa aingie. Jumanne jioni shemeji alimshika mkono akitaka kumwambia neno, nami nilikuwepo, dada akamziba mdomo kwa kiganja, akasema, “Hilo liache, hatujafungua bado.” Shemeji akalimeza, akaenda nalo nyumbani, na Jumatano tarehe 14 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi, dada alitutoka, shemeji akiwa kwenye ngazi za hospitali na chupa ya chai mkononi, amebakiza ghorofa moja. Tangu hapo hajakaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo kwa kumvumilia, majirani walioleta viti na masufuria bila kuombwa, na wanajukwaa wenzake waliofunga ukumbi siku tatu, jambo ambalo kwalo yeye angewagombeza.

Jana nilifanya mazoezi ya kusoma karatasi hii mara mbili, na mara zote mbili shemeji alinikatisha kabla ya mstari wa mwisho, kisha akaniomba huo nimwachie yeye. Dada alikuwa na tundu dogo kwenye pazia, alichungulia kwanza kama watu wamejaa, ndipo akatoa ruhusa. Nami nimewaangalia, viti vimejaa, na wengine mmesimama hadi barabarani.

Shemeji, ingia.

Kwaheri, mke wangu. Pumzika kwa amani.